Mweupe Mahali Pasipo na Theluji

Masomo: Mathayo 5:14–16, Waebrania 10:24–25



Kule kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye visiwa vya Kanada na huko Greenland, kuna mbwa mwitu mweupe. Akitulia kwenye theluji, ni vigumu kumwona. Mbweha wa huko yeye hubadilika na majira: wakati wa baridi ni mweupe, theluji ikiyeyuka anageuka kahawia kama mawe. Lakini yule mbwa mwitu, theluji iwepo isiwepo, ni mweupe tu.

Sasa rudi nyumbani. Hapa kwetu Ijara, kwenye hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Mungu alituonyesha twiga mweupe. Si ualbino, maana macho yake yalikuwa meusi. Ni hali ya kuzaliwa nayo, ngozi inakosa rangi. Mwaka 2017 video yake ikazunguka dunia nzima. Lakini mpendwa, sisi hatuna theluji. Weupe wa mbwa mwitu unamficha. Weupe wa twiga wetu, katikati ya vichaka na vumbi jekundu, ulimfichua.

Machi 2020 hifadhi ikatangaza kwa uchungu kwamba yule jike na ndama wake wameuawa na wawindaji haramu. Picha zote zile hazikumwokoa. Akabaki dume mmoja mweupe, mtoto wake. Novemba mwaka uo huo akafungwa kifaa kwenye pembe, kinachotuma habari kila saa, ili askari wa wanyamapori wajue yuko wapi.

Kila saa! Hebu shika hapo.

Yesu alisema sisi ni nuru, na mji ulio juu ya mlima haufichiki. Hakutuahidi theluji. Kwa hivyo ndugu anayeandika orodha ya chakula cha msaada wakati wa ukame, akikataa kuweka majina hewa, ataonekana. Wenzake watanyamaza akiingia ofisini. Shetani atamnong'oneza, "Kuwa kama mbweha, badilika kidogo tu, majira yakipita utarudi." Hapana! Usiombe rangi ya kujificha.

Lakini leo neno hili si lake peke yake. Ni letu. Jumapili anatoa ushuhuda, tunapiga makofi, tunasema haleluya, tunaenda nyumbani. Jumatano akihamishwa kwa sababu ya ule msimamo, nani anajua? Mama watoto akikosa unga, nani amebisha hodi? Tumemfanya wa kupigwa picha, hatujamfanya wa kulindwa. Waraka kwa Waebrania unatuambia tuangaliane, tuhimizane, tusiache kukutana.

Ikiwa watu walijua twiga mmoja yuko wapi kila saa, je, sisi tunajua ndugu yetu yuko wapi kila wiki?

Kazi ya juma hili: chagua mtu mmoja anayesimama peke yake kwa ajili ya haki. Mpigie simu kabla ya Jumatano. Usimpigie kumsifu. Muulize, "Umekula? Umelala? Niombe nini?" Halafu omba naye papo hapo.

Baba, tupe ujasiri wa kuonekana, na upendo wa kulindana. Katika jina la Yesu. Amina.