Wewe Pia Ni Yule Aliyelala Njiani



Ndugu kijana mwenzangu, ukiulizwa katika mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37) wewe ungependa kuwa nani, utajibu nini? Wengi tutasema, "Msamaria, bila shaka." Ndivyo tulivyofundishwa tangu Utoto Mtakatifu. Lakini kuna mtu mmoja kwenye mfano huo ambaye hatumchagui kamwe: yule aliyelala njiani, hawezi hata kusimama. Mimi nilimfahamu mwaka 2009. Alikuwa na sura ya baba yangu.

Sisi ni Warundi. Nilikulia kambi ya Mtabila, Kasulu, mkoani Kigoma. Mwaka 2007 tulipelekwa Marekani, mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Januari 2009 nilikuwa na miaka 14, na kwa sababu ya shule ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba nzima.

Usiku wa kuamkia 28 Januari mvua ilinyesha. Mvua ya kawaida tu, ungesema. Kumbe juu hewa ilikuwa vuguvugu na huku chini kumeganda, kwa hiyo kila tone lililogusa tawi, waya au paa liligeuka barafu palepale. Barafu ikazidi kuwa nene. Usiku wa manane matawi yakaelemewa, yakaanza kukatika: paa! paa! Mama alitulaza sote sakafuni akatufunika kwa mwili wake. Alijua ni risasi. Baba akanyoosha mkono azime taa. Taa ilikuwa imeshazimika yenyewe.

Kulipokucha, jamani, dunia yote ilikuwa kioo. Kila jani la nyasi linang'aa. Nilikumbuka ule wimbo wa vijana watatu katika tanuri (Dan 3), wanapoialika hata barafu na theluji imsifu Bwana. Ila barafu ile ilikuwa imeangusha tawi kubwa mbele ya mlango wetu, na waya wa umeme umelala uani. Katika Kentucky nzima nyumba na biashara zaidi ya 600,000 zilikosa umeme. Gavana Steve Beshear aliwaita askari wote wa jeshi la Walinzi wa Taifa wa jimbo lile, jambo lisilowahi kutokea kabla, nao wakapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani mzima.

Nyumba yetu ilipashwa joto kwa umeme. Siku ya pili tulikuwa tunaona pumzi zetu wenyewe. Baba akaingiza jiko la mkaa sebuleni na kuziba madirisha kwa mablanketi. Mkaa tumeupikia maisha yetu yote, nani angeuogopa? Hatukujua kwamba nyumba za kambini zilikuwa na nyufa zilizotuokoa. Moshi wa mkaa una gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya nyumba iliyofungwa mtu husinzia asiamke. Majuma yale watu walikufa hivyo huko Kentucky, wengi kwa moshi wa jenereta.

Mlango wa jikoni ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, mzee wa Kizungu, ambaye kwa mwaka mzima na zaidi hatukuwahi kusalimiana naye. Alikuwa amesikia harufu ya mkaa. Hakuuliza kitu. Alilishika jiko akalitoa nje, akarudi akafungua madirisha, kisha akaniambia niwaambie wazazi: hii inaua. Akasema shule ya jirani imefunguliwa kwa watu wasio na umeme, kuna vitanda na chakula.

Baba alitikisa kichwa. "Mwambie asante. Foleni nimezimaliza Mtabila. Sirudi kambini."

Sikutafsiri. Niliona aibu. Hapo mama, aliyekuwa ameketi ukutani na mdogo wangu mgongoni, akasema taratibu, "Baba watoto, kichwa kinanipasuka tangu alfajiri. Na huyu nimemwamsha mara mbili haamki vizuri."

Baba alimtazama mtoto. Kisha akamtazama yule mzee, na nikaona mabega yake yanashuka. Mzee akasema kama shule hamwendi, njooni kwangu, nina sehemu ya kuwasha kuni. Tukaenda. Huko mdogo wangu alilia kwa sauti, na sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Tulilala pale usiku sita. Mama alipika maharage kwenye moto wa mzee. Mafundi walipokuja kuondoa waya, baba alichukua panga, mzee akawasha chenso, wakaanza kusafisha: mmoja anakata, mwingine anaburuta matawi hadi kando ya barabara. Hawakuwa na lugha moja. Walioneshana kwa vidole.

Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, tulitoka Misani na mishumaa iliyobarikiwa. Baba aliusimamisha wake mezani kwa mzee, ambaye hata si Mkatoliki. Ndio uliokuwa taa yetu jioni ile.

Rafiki, simlaumu baba. Aliyeishi kwa mgao miaka mingi anajua uchungu wa kunyoosha mkono. Ila siku ile kidonda chake kilitaka kutuua. Petro naye alikataa kuoshwa miguu (Yn 13:8), na Yesu akamjibu wazi kwamba bila hivyo hana sehemu pamoja naye. Yesu huyohuyo alimwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Njiani kuelekea Kalvari, Simoni wa Kirene alibeba msalaba wake. Kama Mwana wa Mungu alisaidiwa, mimi na wewe ni nani?

Vijana tumezoea kujibu "niko poa" huku ndani tunasinzia. Madeni, pombe, mapenzi yaliyovunjika, mawazo mazito usiku, na bado "niko poa". Yaani tumeziba madirisha. Wiki hii fungua moja. Mwambie mzazi, katekista, paroko, au rafiki unayemwamini. Nenda kitubio kama umekaa muda mrefu. Na akija kukuinua mtu usiyemtegemea, mtu mliyepishana naye bila salamu, usimrudishe mlangoni.

Tusali: Ee Yesu, Msamaria wetu, tunakuja kwako tukiwa tumelala njiani. Utupe moyo wa kusaidia, na kabla ya huo, utupe unyenyekevu wa kusaidiwa. Amina.

Bikira Maria, Msaada wa Wakristo, utuombee.