Zawadi na Amri

Vita kuu ilipoanza Ulaya mwaka 1914, Malkia Mary wa Uingereza aliwaomba wanawake wawafumie askari soksi. Askari walisimama siku nyingi katika mahandaki yenye maji baridi, hata miguu ikaoza. Soksi kavu iliweza kuokoa mguu wa mtu. Basi wanawake wengi walifuma bila mshahara.

Katika vita ya pili watu wa Kongo nao walitoa vyao. Askari wao waliuteka mji wa Saio, kule Abisinia, mwaka 1941. Mwaka 1942 Wajapani waliitwaa Malaya na mashamba yake ya mpira. Ndipo serikali ya Kibelgiji ilipowapeleka wanavijiji msituni kutafuta utomvu wa mpira, ikaongeza kazi za lazima kutoka siku 60 hata siku 120 kwa mwaka. Aliyekataa aliadhibiwa.

Je, mwenye sindano na mwenye kikapu cha mpira walitenda jambo moja? Kwa askari ni sawa: soksi na gurudumu haviulizi moyo wa mtoaji. Kwa mtoaji si sawa. Zawadi ni kitu ambacho mwenyewe angeweza kukizuia. Kilichotwaliwa kwa nguvu si zawadi, naye aliyekitwaa hana haki ya kukiita upendo.

Mtu atasema: basi aliyelazimishwa hakutenda jema lolote? La, sivyo. Mkubwa aliiamuru mikono yake. Moyo hakuweza kuuamuru. Aliyetimiza kipimo chake, kisha akamsaidia jirani mgonjwa kujaza kikapu, alitoa zawadi ya kweli ndani ya kazi ya lazima. Naye aliyefuma soksi kwa kuogopa kusengenywa tu, alifanya kazi ya lazima ndani ya zawadi.

Tena si kila lazima ni mbaya. Kodi ya haki ni wajibu. Ubaya ni kuficha unyang'anyi chini ya jina la msaada.

Miaka ya 2005 na 2006 mapigano ya Mai-Mai na jeshi yaliwafukuza watu wengi wa Katanga vijijini mwao. Wakimbizi kama hao wafikapo, wenyeji waombwe, wasitozwe. Wala majina ya watoaji yasisomwe hadharani, mjane mwenye kikombe kimoja cha unga asije akaaibika. Naye katekumeni apelekaye unga ajiulize: je, angeupeleka hata kama hapana mtu wa kumwona?