Nyota Zilizofichwa na Vumbi

Kuna neno tunalolisema haraka hapa Alupe: "Yule kijana hana kitu." Tunamwona stendi ya boda, amejaa vumbi la barabara ya Malaba, miezi mitatu hajakanyaga kanisani, na hukumu imeshatoka. Je, ni haki kusema hakuna kitu kwa sababu tu hatujakiona?

Mwaka 1995 darubini ya Hubble ilipiga picha nguzo za gesi na vumbi huko angani, mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri miaka 6,500 kutufikia. Zilionekana kama ukuta mzito. Oktoba 2022 darubini ya James Webb ikatazama pale pale kwa mwanga wa infraredi, ule ambao jicho halioni ila ngozi huusikia kama joto la jiko. Mwanga huo hupenya vumbi. Nyota changa zikaonekana, nyekundu, kando ya nguzo! Zilikuwepo hata 1995. Na gesi na vumbi lililozificha ndimo zilimofinyangwa. Sisi je, tulitolewa wapi? Soma Mwanzo 2:7.

Mtu atauliza: si Bwana alisema tuwatambue kwa matunda? Kweli, Mathayo 7. Lakini mche haudaiwi matunda. Wala sisemi kila wingu la vumbi lina nyota, mengine hayana. Nasema tu, usihukumu kabla hujaangalia.

Na kuangalia kuna gharama. Webb hukaa nyuma ya kivuli cha matabaka matano, vyombo vyake vikiwa kwenye baridi ya zaidi ya digrii 220 chini ya sufuri. Kwa nini? Kwa sababu ikipata joto, joto lake lenyewe litafunika lile inalolitafuta. Hapo ndipo panapotuchoma. Tukimwendea kijana tumewaka hasira, aibu ya jina la familia, maneno ya majirani, tutaona moto wetu tukidhani ni dhambi yake. Moto wa Roho hatuuzimi. Tunaoupoza ni huu wetu. Hata nabii Samweli alimtazama Eliabu akadhani ndiye, kumbe Daudi yuko malishoni na kondoo (1 Samweli 16).

Wiki hii mtafute mmoja. Kaa naye pale stendi, mnywe chai. Usianze na mahubiri. Msikilize kwanza.

Mungu awabariki. Amina.