Kimondo Hakingoji
(Mathayo 25:1-13)



Majilio yamekaribia, na kila mwaka katika majira haya Kanisa hutuambia neno lile lile: Kesheni. Nilipokuwa nikifundisha niliona kwamba neno likirudiwa sana sikio hulizoea, na likizoewa halisikiwi tena. Kwa hiyo leo nataka kuwaeleza habari za usiku mmoja nilipokesha kweli kweli.

Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai, 2022, hapa Njombe. Mwezi ulikuwa mchanga, ukatua mapema, giza likawa totoro. Wenyeji wa huku mnaijua baridi ya Julai. Alfajiri ile nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Mjukuu wangu alikuja likizo na kamera aliyoiazima kwa rafiki yake apigaye picha za arusi. Akaniambia, "Bibi, usiku huu kuna vimondo vingi. Twende tukavipige picha." Nikajifunga mablanketi mawili, nikachukua jiko la mkaa na chupa ya chai, tukaketi nyuma ya nyumba tangu saa saba hata saa kumi.

Kwanza niwaondolee hofu walio nayo. Vimondo si nyota zinazoanguka. Ni chembe za mawe na vumbi, nyingi ndogo kama punje ya mchanga, zilizoachwa angani na nyotamkia. Kila mwaka mwishoni mwa Julai dunia yetu hupita katika vumbi hilo, na sisi wa kusini huviona vizuri kuliko watu wa Ulaya. Chembe huingia hewani kwa mwendo wa kilometa 40 hivi kwa sekunde, ikawaka juu sana, ikaisha. Ni mara chache sana kuja jiwe kubwa, kama lile la chuma lililoko Mbozi. Nyota zenyewe zipo mahali pake. Mungu amezihesabu na kila moja ameipa jina (Zaburi 147:4).

Mimi nilidhani mpiga picha hungoja kimondo kitokee, ndipo abonyeze. Sivyo. Kimondo hudumu sekunde moja au pungufu. Mkono wa mtu haukiwahi. Kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu, jicho lake likaachwa wazi sekunde 20, likafungwa, likafunguliwa tena papo hapo, saa baada ya saa, likitazama mbingu tupu. Kimondo kikipita hukuta jicho limekwisha kuwa wazi.

Yapata saa tisa umande ulifunika kioo. Kijana akaizima kamera aipanguse, kisha akaona afadhali aiache kidogo ili kuokoa betri. Tukamimina chai. Hapo ndipo kikapita kimondo kikubwa kuliko vyote, kutoka utosini hata juu ya mikaratusi ya jirani. Akairukia kamera, lakini alikuwa amechelewa. "Bibi, dakika mbili tu!" akasema, karibu kulia. Asubuhi, katika picha karibu mia tano, mbili tu zilikuwa na mstari mwembamba wa mwanga.

Wale wanawali watano wapumbavu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na taa, nao walitoka kumlaki bwana arusi. Hata wenye busara walisinzia. Tofauti yao ilikuwa mafuta, na mafuta hayanunuliwi wakati mlango unafungwa.

Sasa niseme lililo zito kwangu. Nalikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu. Tulisoma chuo kimoja cha ualimu, tukafundisha pamoja miaka mingi. Tukakosana kwa ajili ya fedha za chama cha kuweka na kukopa. Miaka mitatu tulipokea Ekaristi katika altare moja, na wakati wa kupeana Amani mimi niligeukia upande wa pili. Kila Kwaresima nilisema, "Baada ya Pasaka nitamwendea." Mwezi wa Mei mwaka ule alilala mzima, asubuhi hakuamka. Nikaenda kwake siku ile, lakini nilikwenda msibani.

Mjukuu wangu aliposema, "Dakika mbili tu," sikumjibu. Nalikuwa nikilia gizani.

Kulipopambazuka nilikwenda kwa mume wa marehemu, nikamwambia yote na kuomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mkewe naye alikuwa akisema siku moja atakuja kwangu. Ndugu zangu, sote wawili tulikuwa na taa. Baadaye niliungama kwa kasisi, nami naamini nimesamehewa. Lakini mkono wa rafiki yangu sikuushika tena.

Basi, kukesha si kuhesabu siku za mwisho. Bwana alisema hakuna aijuaye siku ile wala saa ile. Kukesha ni kuwa tayari kabla ya saa kufika. Yuko nani ambaye hujasema naye? Deni gani hujalipa? Ni mgonjwa gani uliyemwahidi kwamba utakwenda Jumapili ijayo? Usingoje Krismasi ikupe moyo wa kwenda. Nenda wiki hii, hata kama hujui utaanzaje maneno.

Tuombe: Ee Bwana, utufumbue macho tungali na wakati; utupe mafuta katika taa zetu na amani na ndugu zetu, ili ujapo utukute tu tayari; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.