Kudra na Vidonge Vitatu

Wifi yangu alikufa mwaka 2002 kwa vidonge vitatu nilivyompa mimi. Kwenye matanga, hapa Tanga, watu waliingia mmoja mmoja wakinishika mkono: ni kudra ya Mwenyezi Mungu, ahadi yake imefika. Niliitikia. Nilishukuru pia, maana neno lile lilinisitiri kama kanga.

Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeiacha klorokwini, vimelea vya malaria vimeshaizoea, ikaweka SP. Mtu mzima alimeza vidonge vitatu kwa mkupuo, yamekwisha. Nilikuwa muuguzi wa zahanati. Nilimhesabia mwenyewe, nikampa maji kwa kikombe changu cha chai. Baada ya siku nane macho yakawa mekundu, midomo ikatoka vidonda, kisha ngozi ya mgongo ikawa inabaki kwenye shuka kila tukimgeuza. Salfa iliyomo kwenye SP hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, ikishamezwa hairudi. Na haikumuunguza yenyewe. Kinga ya mwili wake ndiyo iliyoigeukia ngozi yake, ikidhani imekutana na adui.

Siku ya arobaini tulikuwa tunachambua mchele. Mama wa marehemu akasema, kama anayezungumza peke yake, "Mbona hata zile Septrin za shuleni zilimtoa vipele mwili mzima?" Septrin nayo ina salfa. Niliuweka ungo chini.

Mtoto wa marehemu alikuwa na miaka sita. Sasa anasomea mambo ya jeni, na Idi iliyopita alikuja kunipa shikamoo, akaanza kunieleza kazi yake.

"Shangazi, kwenye hitima kila mtu si ana msahafu mzima mbele yake, lakini anasoma juzuu aliyogawiwa? Seli nazo ndivyo. Ya ngozi ina kitabu chote, ila inasoma juzuu yake. Sisi tunasikiliza nani anasoma nini, na sauti imepanda wapi."

Akanieleza habari za dawa za saratani zinazoilegezea kinga breki ili iushambulie uvimbe. Wapo ambao kinga yao, ikishaachiwa, hugeukia utumbo, mapafu au tezi ya shingoni. Watafiti huchukua damu kabla ya dozi ya kwanza na tena wiki chache baadaye, wakitafuta jeni zilizopaza sauti mapema, kabla madhara hayajaonekana kwa macho.

Mama yangu, aliyekuwa amejinyoosha mkekani, akafumbua jicho moja: "Hiyo si ramli ya damu?"

Swali lake nimelala nalo usiku mwingi. Kama damu inaweza kusema kabla, je, kudra inabaki wapi?

Lakini mpiga ramli hutoa hukumu. Damu haitoi. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa wa abakavir, dawa ya ukimwi. Kati ya wagonjwa waliopimwa kwanza jeni ya HLA-B*57:01, na wenye nayo wasipewe dawa, hakupatikana hata mmoja ambaye aleji yake ilithibitishwa kwa kipimo cha ngozi. Upande wa pili, kati ya waliokuwa na jeni hiyo wakaimeza dawa bila kupimwa kwanza, walioshikwa na aleji ya namna hiyo ni karibu nusu tu. Jeni moja, dawa moja, na watu wamegawanyika.

Chuoni tulifundishwa habari ya Khalifa Umar, aliyekuwa njiani kwenda Shamu akasikia tauni imeingia, akageuza msafara. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Akajibu kwamba anatoka kwenye kudra na kuingia kwenye kudra. Utotoni nililiona jibu la mtu hodari wa maneno tu. Leo namtazama Umar mwenyewe: hakuambiwa nani atakufa. Aliambiwa tu kwamba kuna tauni mbele, na aliyekwisha ambiwa hawezi tena kusafiri kama asiyejua. Kudra ni ile ile. Kilichoongezeka ni dhima.

Basi neno la matanga lilikuwa la kweli, ila halikuwa langu. Waliokuja kunipa pole walikuwa na haki ya kulisema. Mimi niliyeshika vidonge nilikuwa na swali la kuuliza, na jibu lake halikuhitaji maabara. Lilikuwa kwa mama mmoja, nyumba ya tatu kutoka zahanati.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo hivyo. Alinyamaza, kisha akatoa pochi, akanionyesha kikadi alichokiandika kwa mkono: ASIPEWE SALFA. Hajapimwa chochote. Nusu ya jeni zake ni za mama yake. Huenda nusu hiyo ndiyo, huenda siyo. Amegeuza msafara.

Nimestaafu, nina duka la dawa muhimu. Juzi alikuja kijana na karatasi ya daktari, Septrin. Nikamuuliza kama amewahi kupata aleji ya salfa.

"Sijui, mama. Wewe nipe tu, Mungu yupo."

"Yupo," nikamwambia, mkono wangu ukiwa juu ya kopo. "Mama yako je, yupo?"

"Yupo nyumbani."

"Basi mpigie simu kwanza."