Kibebacho na Kibebwacho

Katika kila kazi ya binadamu kuna kitu kinachoonekana na kitu kinachokibeba. Paa husifiwa na wapitao, lakini nguzo ndizo zilichukualo. Mahindi husifiwa sokoni, na udongo ulioyalea hausifiwi na mtu. Desturi hii ya macho haina hatia. Hatia huanza pale mkono unapoyafuata macho, mtu akatoa mali yake yote kwa kinachoonekana na kukinyima kinachobeba. Basi mtu mwenye mali haba anadaiwa nini na kitu ambacho hakitasifiwa kamwe? Swali hili lina mizani yake katika chombo kimoja kisichosamehe kosa hilo, nacho ni kiweko cha darubini ya kupigia picha za nyota.

Mahali pa kupimia na pawe Maguu, katika milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga. Sikio la Kiswahili husikia katika jina hilo miguu mikubwa, na miguu ndiyo habari yenyewe. Nchi hiyo iko juu. Upande wa magharibi ardhi hushuka mpaka Ziwa Nyasa. Katika usiku wa kipupwe, mwezi wa Juni na Julai, baridi hukaza, mawingu hupungua, na ule mkanda mweupe wa nyota hupita juu ya vichwa vya watu. Na achukuliwe mwalimu wa sekondari wa huko, aliyenuia kuwapigia wanafunzi wake picha ya mbingu yao wenyewe. Ana akiba kidogo. Kwa tajiri, kununua vibaya ni hasara; kwa mwalimu huyu ni dhuluma, maana shilingi zake zina wadai wengine: ada ya mdogo wake, bati la nyumba ya mama yake.

Darubini huuzwa kwa sifa ya kioo na kwa wingi wa kukuza; kiweko hutajwa mwisho. Mwenye pupa hununua kioo kikubwa, akakisimamisha juu ya miguu myembamba. Usiku wa kwanza humfundisha. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kwa hiyo mbingu huonekana zikienda digrii 1 kila dakika 4. Mwezi, ambao upana wake ni nusu digrii, husogea upana wake mzima kwa dakika 2. Jicho huvumilia mwendo huo. Kamera haiuvumilii, kwa kuwa mwanga wa vitu vya mbali ni haba, na hauna budi kukusanywa kwa dakika nyingi, kama maji ya chemchemi itoayo matone. Kiweko kisipoifuata nyota, nyota huwa mstari. Kikitikiswa na upepo, nyota huwa doa. Tena darubini ikikuza zaidi, hukuza na kosa la kiweko.

Hapa pana funzo la kwanza. Watu hudhani kwamba uthabiti ni kutokwenda. Kumbe kiweko kilichosimama kimya ndicho kinachoipoteza nyota, kwa sababu dunia inakichukua bila ya habari yake. Kiweko thabiti huzunguka kinyume cha dunia, kwa mwendo ule ule, juu ya mhimili uliolingana na mhimili wa dunia. Uaminifu wa mtu ni wa namna hiyo hiyo. Siku humsogeza kila mtu kidogo kidogo. Adumuye katika ahadi yake ni yule ajirudishaye kila siku kwa kiasi kile alichosogezwa.

Funzo la pili hutoka katika mahali penyewe. Viweko vingi vya bei nafuu vilibuniwa kwa nchi za Ulaya na Marekani, ambako mhimili huinuliwa digrii 40 au 50, na nyota ya kaskazini huonyesha njia. Maguu iko karibu digrii 11 kusini mwa Ikweta. Nyota ile haionekani huko, na mhimili hauna budi kuelekezwa kusini, ukiwa karibu kulala. Viweko vingine havishuki kiasi hicho. Vingine vikishuka, ufito wenye uzani hugonga mguu. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini ya mbingu, Sigma Octantis, ni hafifu hata jicho tupu huipata kwa taabu. Kwa hiyo mwalimu na aulize kwanza kama chombo kinashuka digrii 11, ndipo aulize bei. Kisha atazame nyota moja kwa muda, aone inapotelea upande gani, ausogeze mhimili kidogo, atazame tena. Subira hiyo haiuzwi dukani.

Je, kiweko duni kibadilishwe au kivumiliwe? Yako mambo yasiyogharimu kitu: kusawazisha uzani, kukaza skrubu zilizolegea, kufupisha miguu, kutundika mfuko wa mawe katikati yake. Anayebadili chombo kabla ya kukijua huhamisha kosa lake kutoka chombo rahisi mpaka chombo ghali. Lakini upande wa pili nao una haki. Gurudumu ambalo meno yake yamechongwa vibaya huipeleka nyota mbele na nyuma katika kila mzunguko, na subira hainyooshi chuma. Hapo kung'ang'ania cha zamani ni ukaidi uliojivika jina la kuridhika.

Iko pia njia ya katikati. Mwaka 1975 George Haig alitangaza kiweko cha mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba. Parafujo yenye hatua ya milimita 1, ikiwekwa milimita 229 kutoka kwenye bawaba na kuzungushwa mara 1 kila dakika, huzifungua mbao kwa mwendo wa mbingu. Hakifai kubeba darubini nzito, lakini hubeba kamera yenye lenzi pana kwa dakika kadhaa, na seremala wa Mbinga aweza kukiunda. Aliye na haba akaitumia kwa akili hana deni.

Wakulima wa Umatengo wanaijua hukumu hii tangu zamani. Katika miteremko mikali hukata nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, wakazifunika kwa udongo, yakabaki mashimo ya ngoro katikati ya matuta. Mashimo huzuia mvua isiuchukue udongo. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuurutubisha. Anunuaye maharage hazioni nyasi zile. Asiyezifukia ataona shamba lake likishuka bondeni.

Limebaki swali lililopaswa kutangulia yote: picha ni kwa ajili ya nani? John Dobson, aliyekuwa mtawa wa Vedanta huko Marekani, aliunda darubini kubwa juu ya viweko vya mbao vya kusukumwa kwa mkono, na mwaka 1968 yeye na wenzake wa San Francisco walianza kuwaonyesha wapita njia mbingu. Viweko hivyo havifai kwa picha za muda mrefu, lakini macho mengi yaliona. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipokuwa pete juu ya Rujewa, watu waliokusanyika walihitaji kinga ya macho tu. Kama mwalimu ataka wanafunzi waone, kiweko cha mbao kinatosha, na fedha iliyobaki irudi kwa wadai wake. Kama ataka wajifunze kukusanya nuru iliyo hafifu mno kwa macho yao, basi akiba na iende kwanza kwenye miguu, na kioo kiwe kidogo.

Kibebwacho humpatia mtu sifa. Kibebacho humdai haki. Atakayeitazama picha ile ukutani mwa darasa atauliza habari za nyota, wala hatauliza zilibebwa na nini. Mwalimu atakuwa amekwisha kulipa.