Bega la Mtu Mwingine

Katika miaka yangu ya kushika chaki nilizoea kuwauliza wanafunzi maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo mfukoni. Swali la sura hii halikuwa la namna hiyo. Lilinikuta nikiwa na umri wa miaka sabini na minne, na sikuwa na jibu: je, ni haki mzee atumie mali ya nyumba nzima ili aongezewe miaka michache ya kuishi?

Mambo yalianza na maumivu ya kifua. Kila nilipopanda kilima kutoka shambani kwangu huku Ngara, nilihisi kama nimewekewa gunia la kahawa kifuani. Nikisimama, gunia linaondoka. Nikadhani ni uzee tu. Hospitali ya Murgwanza wakanipa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na kutoka huko nikapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kabla ya taasisi hiyo kuanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo kutoka nchini mwetu walilazimika kupelekwa India.

Daktari alinieleza kama mwalimu mzuri. Moyo husukuma damu mwilini kote, lakini nao unahitaji damu yake, ambayo huletwa na mishipa midogo inayotambaa juu yake. Mafuta yakijijenga ndani ya mishipa hiyo njia huwa nyembamba, na ikizibwa kabisa, sehemu ya moyo hufa. Upasuaji wenyewe hauzibui mshipa. Daktari huchukua mshipa mwingine, wa mguuni au wa ndani ya kifua, akaushona ili damu ipite pembeni ya pale palipoziba, kama tunavyochepusha barabara daraja likivunjika. Mara nyingi moyo husimamishwa, na mashine ikashika kazi yake na ya mapafu. Mashine ya namna hiyo ilifaulu kwa mara ya kwanza mwaka 1953, mikononi mwa Dk. John Gibbon wa Marekani. Njia ya kutumia mshipa wa mguu iliendelezwa mwaka 1967 na René Favaloro, katika mji wa Cleveland. Nilifarijika kusoma kwamba kabla ya hapo Favaloro alikuwa daktari wa kijijini nchini Argentina kwa takriban miaka kumi na miwili.

Bima ya afya ilibeba sehemu kubwa. Lakini kuna gharama zisizojulikana kwa bima: nauli ya zaidi ya kilomita 1,200, chumba cha wasindikizaji, chakula chao, kurudi kliniki tena na tena. Mwanangu mkubwa aliuza ng'ombe wawili. Ng'ombe hao walikuwa ada ya binti yake, mjukuu wangu, aliyekwisha kupata nafasi katika chuo cha ualimu. Mimi niliyesomeshwa na chuo cha ualimu, niliyekula mkate wa ualimu maisha yangu yote, nikawa sababu ya mtoto kubaki nyumbani mwaka mzima.

Nilitaka kukataa. Nilisema, mti uliokwisha kuzaa uache mche unywe maji. Mwanangu akanikumbusha machela. Zamani, kabla ya magari kuenea vilimani kwetu, mgonjwa alibebwa na majirani kwa mabega, wakipokezana, mpaka hospitali. "Baba," alisema, "umepata kumsikia mbebaji akiuliza umri wa mgonjwa?" Nikanyamaza. Hoja ilikuwa nzuri, nami nilikuwa naogopa kufa. Nikaenda.

Baada ya upasuaji nilijifunza unyonge. Mfupa wa kifua hupasuliwa kwa msumeno na kufungwa kwa nyaya, na huchukua miezi miwili hadi mitatu kuunga. Nilikatazwa kuinua ndoo, kushika jembe, hata kujiinua kitandani kwa nguvu za mikono. Nikikohoa, nilikumbatia mto. Kila siku nilitakiwa kutembea, leo hadi mlangoni, kesho hadi kwenye migomba. Jioni huzuni ilinishika bila sababu. Nikaambiwa kwamba huwapata wengi. Aliyenishika mkono katika matembezi hayo, aliyenipikia chakula kisicho na chumvi nyingi na kunihesabia vidonge, alikuwa ni mjukuu yule yule.

Siku moja tulipoketi kupumzika nikamwuliza, "Mjukuu wangu, uliumia kwa habari ya ng'ombe?"

Alikaa kimya kwa muda. "Niliumia, babu. Si kwa sababu ya ng'ombe. Niliumia kwa sababu sikuulizwa. Ningeulizwa, ningekubali."

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo miaka mingi, na siku ile ndipo nilipoielewa. Mfano wa machela ulikuwa wa kweli, lakini tuliukata nusu. Mbebaji wa machela alitoa bega lake mwenyewe. Mwanangu na mimi tulitoa bega la binti, tena bila kumwita.

Basi jibu langu ni hili. Mzee anayo haki ya kutibiwa. Jamii inayopima uhai kwa umri kesho itapima kwa kitu kingine. Lakini hana haki ya kutibiwa kwa sadaka ya mtu asiyeulizwa. Wote watakaobeba mzigo na waketi katika kikao, hata mdogo wao, na aruhusiwe kusema hapana. Kisha aliyepona atunze alichopewa, maana mishipa mipya nayo huweza kuziba. Mgonjwa arudiaye sigara huchezea mali ya wengine.

Nilimwomba radhi mjukuu wangu, jambo nisilopata kulifanya mbele ya mtoto kwa miaka yote ya ualimu. Tangu mwezi ule natenga sehemu ya pensheni yangu. Mwaka uliofuata alikwenda chuoni. Nilimsindikiza kwa miguu hadi kituo cha basi, sanduku akalibeba mwenyewe, kwa kuwa mimi bado nilikuwa sijaruhusiwa kubeba kitu kizito.